Mawimbi ya sauti yalivyorudisha mkono wa kuli Mbalizi

Saa mbili asubuhi ya Jumamosi, chumba kidogo cha tiba nyuma ya soko la Mbalizi kinatoa mlio kama wa kigogota anayetoboa mti. Ta-ta-ta-ta! Tumpe Anyelwisye, mtaalamu wa fiziotherapia, amekandamiza kichwa cha mashine kwenye bega la kuli mmoja, Lugano, lililopakwa jeli ya baridi. Lugano anakunja uso, kisha anacheka.

"Inauma, lakini afadhali hii kuliko ile ya mwanzo," anasema.

Leo ndiyo leo. Mashine ikizimwa, ataambiwa anyanyue mkono. Ukipanda, anarudi kupakia viazi. Ukigoma, nafasi yake kundini inachukuliwa na mwingine, na msimu wa viazi umeshaanza.

Viazi vya huku hubebwa kwa lumbesa, gunia lililojazwa hadi likaota kilemba. Lugano, mwenye miaka 41, amebeba mizigo hiyo tangu ujana. Mwaka jana bega likakataa. Mke wake akawa anamvalisha shati.

"Mwanaume mzima nanyoosha mikono kama mtoto wa chekechea! Niliona aibu, jamani," anasimulia.

Tumpe, mwenye miaka 36, ameishughulikia mashine hii kwa miaka miwili. Wengine wakisikia ni tiba ya mawimbi ya sauti huuliza redio iko wapi, naye hucheka mpaka machozi.

"Mawimbi haya ya sauti yanagonga ile kano iliyoumia, mwili unashtuka, unaanza kuikarabati," anaeleza. "Siyo kila maumivu yanatibika hivi, wengine nawaambia waende hospitali kwanza. Na kukarabati kunataka muda."

Kwenye muda ndipo mambo yalipoharibika.

Makuli wa soko hili wana desturi yao. Aliyeugua harudi kundini mpaka abebe "gunia la kurudi", lumbesa nzima, mbele ya wenzake wanaompigia miluzi. Akifika nalo kwenye lori, kapona. Akishindwa, anakaa nje.

Siku ya kwanza ya tiba, maumivu ya Lugano yalitulia palepale, kama inavyowatokea wengi. Akashukuru, "Ndaga fijo, dada," akapitiliza moja kwa moja sokoni na kuinama atwishwe. Hakufika mbali. Gunia chini, yeye chini, na bega likawa baya kuliko mwanzo.

"Nilimfokea sana," anakiri Tumpe. "Halafu nikajiuliza, namfokea ya nini? Sheria siyo yake."

Tiba ikaanza upya. Lakini Fanueli, kiongozi wa makuli, akaweka msimamo: Lugano abebe lumbesa Jumamosi hii au aachie nafasi. Tumpe akaona isiwe tabu, akamfuata huko huko sokoni. Alimkuta Fanueli akijikanda kiwiko.

"Baba, njoo nikuangalie hicho kiwiko," akamwambia.

Fanueli alikuja akitabasamu kwa dharau. Baada ya kugongwa na mawimbi, akakunja mkono, akaukunjua, akaruka kutoka kitandani.

"Hii imeisha! Acha nikamalizie lori la watu."

Tumpe akasimama mlangoni. "Baba, Lugano naye alisema hivyo hivyo."

Mzee akarudi kukaa. Usiku ule kiwiko kikamuuma tena, kama alivyokuwa ameonywa. "Mimi nilijua mwenzetu anadeka," anasema leo, akiwa ameegemea ukuta wa chumba hicho hicho, akisubiri kwa hamu kuliko mgonjwa mwenyewe.

Mashine inazimwa.

"Haya, nyanyua," anasema Tumpe.

Mkono unapanda. Unapita kifua, unapita kidevu, unasita kidogo, kisha unasimama wima kando ya sikio. Chumba kinalipuka! Lugano anapiga kelele, Fanueli anapiga meza, na mwandishi, ambaye kazi yake ni kuandika tu, anajikuta anapiga makofi.

Fanueli anatangulia sokoni na kutangaza kwa sauti: kuanzia leo gunia la kurudi ni robo gunia, na lumbesa itasubiri ruhusa ya dada Tumpe. Makuli wawili wananung'unika. Wengine wanapiga miluzi tangu Lugano anapoinama hadi mzigo unapotua kwenye lori. Tumpe anamfuata nyuma, mikono kichwani, akipumua kwa shida kana kwamba mzigo ni wake.

Mwezi ujao atakwenda Ipogolo, Iringa, ambako makuli wa nyanya wamemwita. Furaha yake haifichiki, ila mpango ameubadilisha.

"Nikifika kule sianzi na bega la mgonjwa," anasema. "Naanza na la kiongozi wao."