Waliniita Tena Korogwe

Siku moja naikumbuka vizuri, Zuhura mwanangu, kana kwamba vumbi lake bado liko kwenye nguo zangu. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya ofisi moja ya mkonge pale Korogwe, viatu vya kuazima vimenibana vidole, nikingoja kuulizwa tena maswali niliyokwisha kuyajibu. Siku hiyo ndiyo nitakayokusimulia usiku huu kwenye simu. Maana jana uliponipigia simu kutoka Dar es Salaam ukasema, "Bibi, nimefaulu hatua ya tano, sasa wanasema kuna nyingine," kisha sauti ikakukatika, mimi nilikaa kitandani nikacheka kidogo. Usichukie. Nilijicheka mwenyewe, binti wa Sindeni niliyedhani dunia yote iko nyuma ya mlango mmoja.

Kazi yako ya kuandika programu za kompyuta siielewi, ingawa umenieleza mara nyingi, tena kwa upole. Ninachoelewa ni kwamba umewapelekea vyeti, umefanya mtihani wao, umekesha Jumamosi na Jumapili ukitengeneza kitu walichokuagiza, umehojiwa na watu ambao hata sura zao huzioni sawasawa, na bado wanataka kukuona. Hilo nalielewa sana.

Enzi zile uhuru ulikuwa bado mbichi, na habari ya Ujamaa ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Mashamba mengi ya mkonge yalikuwa yamechukuliwa na serikali. Wazungu waliondoka, na kwenye viti vyao wakakaa watu wetu, watu wazuri tu, ila viti vilikuwa bado havijawazoea. Ofisi ile, ambayo jina lake halina faida kulitaja, ilitafuta mtu wa kukaa kwenye swichibodi. Wewe hukuiona swichibodi. Ni mtambo kama kabati, umejaa matundu na nyaya. Simu ikiingia, opereta anasikiliza, anauliza unamtaka nani, anachomeka waya kwenye tundu la mtu huyo, nyie mnaongea. Mimi nilikuwa nimesoma hadi darasa la nane Handeni, nikilala kwa mama mdogo kule Chanika, ile ya Handeni kwetu, kisha nikafundishwa kazi ya simu. Nilikuwa naijua. Tena niliipenda, kwa sababu nilipenda kuwakutanisha watu.

Na shida tulikuwa nayo. Baba alikuwa amefariki, mama mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, wadogo zangu walikuwa bado wadogo. Jua la Handeni unalijua. Mvua ikikupita mara mbili, chungu kinakaa juani kikauke. Mshahara ule ungetuweka mjini na kijijini kwa pamoja.

Mara ya kwanza waliniweka mbele ya kamati. Wanaume walikuwa wamekaa mstari nyuma ya meza ndefu, na mwenyekiti wao alikuwa bwana mmoja mnene kidogo, mpole, aliyefuta miwani kila alipotakiwa kusema neno. Wakaniuliza jina, ukoo, shule, na maana ya kujitegemea. Nikajibu yote. Mwenyekiti akafuta miwani. "Vizuri sana, binti. Tutakuita."

Wakaniita kweli. Safari hiyo ilikuwa mtihani wa kuandika, na hesabu za kugawanya eka za mkonge, ambazo mpaka leo sijajua zinahusiana nini na simu. Wakaniita tena, wakataka kusikia sauti yangu. Nikasimama chumba cha pili nikasema "Haloo, Korogwe, nikusaidie?" huku wao wakisikiliza kupitia mlango. Vizuri sana, binti. Halafu akaja bwana mwingine kutoka shamba jingine ambaye hakuwepo siku zile, naye akataka aulize mwenyewe. Akaniuliza jina, ukoo, shule, na maana ya kujitegemea. Mwishowe wakasema nikae kwenye swichibodi pamoja na opereta wao, wanione nikiwa kazini. Nikakaa. Wiki ikaisha, nyingine ikaanza, hakuna aliyesema nimeajiriwa, hakuna aliyesema nimekosa.

Na mvua ya vuli ikaanza. Kila Ijumaa nilipopanda basi la Handeni na kushuka Sindeni, nilimkuta mama amepanda kipande kidogo cha shamba, anajikokota na jembe. "Mvumilivu hula mbivu, mama," nilimwambia. Alinitazama viatu, akarudi kwenye mstari wake.

Mwanangu, usaili unaokwenda na kurudi unakula akili ya mtu kama mchwa. Mwanzoni nilijiuliza lini wataniajiri. Baadaye nikaanza kujiuliza nina ubovu gani. Nilificha Kizigua changu chini ya ulimi, nikawa naongea kama mtangazaji wa redio hata na muuza maandazi. Nilimuuliza mama mdogo, alipokuja Sindeni kutuona, kama sauti yangu inachukiza. Nilijitazama kwenye kioo na kujihoji, nikajifelisha. Bandu bandu huisha gogo. Nami nilikuwa naisha hivyo hivyo.

Sasa, yule opereta niliyekaa naye alikuwa mama mmoja wa makamo, Bi Tabitha. Wazazi wake walikuwa manamba waliokuja kutoka kusini kukata mkonge, naye alizaliwa kambini humo humo. Alikuwa Mkristo wa kusali kabla ya kunywa hata chai. Mumewe alikuwa ametangulia Magoma kufungua shamba, na Bi Tabitha alitaka kumfuata, lakini ofisi ilimwambia asiondoke mpaka apatikane wa kukalia kiti chake. Kwa hiyo tulifungwa kamba moja, yeye na mimi. Nisipoajiriwa mimi, haondoki yeye.

Siku hiyo ya benchi, waliniambia kamati itaniona tena saa nane. Bi Tabitha akatoka kunitafuta, akanikuta nalia.

"Unalia nini?"

"Bi Tabitha, niambie kweli. Nina kasoro gani?"

"Kasoro huna. Juzi umeunganisha Tanga na Moshi huku mimi nakunywa chai, na hakuna aliyegundua kwamba siyo mimi."

"Basi mbona hawasemi?"

Akakaa karibu yangu, akashusha sauti. "Zamani hapa alikuwepo mzungu mmoja. Akikosea, nani amuulize? Hawa wetu wakikosea wataulizwa, tena wanajua hivyo. Kila mmoja anaogopa aje kutajwa kwamba ndiye aliyesema ndiyo. Anaona heri aitwe mwenzake mmoja zaidi akuone. Na huyo naye ana woga wake. Hawakukatai, mwanangu. Wanaogopa kukukubali."

Nilidhani amemaliza, kumbe ya kwangu ilikuwa inakuja.

"Na wewe una kosa lako," akasema, na safari hii hakushusha sauti. "Umewapa mpaka usingizi wako. Mvua inanyesha kwenu, mama yako yuko shambani na mguu mmoja, wewe umekaa hapa unawangoja watu wafute miwani. Mlango ukikaa nao muda mrefu unadhani ndiyo nyumba. Waage, uende kwenu."

"Nikienda, utabaki hapa wewe. Na mumeo je?"

Ndani simu ikalia. Akainuka, akaenda, akaiunganisha, akarudi mpaka mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo.

"Najua," akasema. "Nenda."

Mpaka leo, mwanangu, nikisikia watu wanasema binadamu wote ni wabinafsi, namkumbuka mama yule akiwa mlangoni.

Nikaingia. Wote walikuwepo. Mwenyekiti akafuta miwani, akatazama dari, akasema, "Binti, hebu tuanze na hili. Nini maana ya kujitegemea?"

Kicheko kilinipanda nikakimeza. Nikasema, "Wazee wangu, shikamooni. Kujitegemea ni kwamba mvua imenyesha na mimi narudi kupanda. Majibu yangu yote mnayo, sina jingine nililobakiza. Siku mkitaka nianze kazi, mpeni salamu utingo wa basi la Handeni, mimi nipo Sindeni. Nawashukuru kwa kunipokea." Nikainama kwa heshima, nikatoka.

Na nilipofika nje! Nikwambieje? Nilivua vile viatu, nikavishika mkononi, nikatembea peku mpaka stendi. Nikanunua muhogo wa kuchoma, nikala na pilipili mpaka machozi yakanitoka, na yalikuwa machozi matamu. Sikuwa na kazi. Sikuwa na ahadi ya kazi. Na bado kifua kilikuwa chepesi kama mtu aliyetua mtungi baada ya kupanda kilima. Kwenye basi nililala fofofo, utingo akaniamsha Sindeni akinitania kwamba nimekoroma tangu Korogwe.

Mama aliponiona nimefika siku isiyo yangu, alinipa jembe. Tukapanda siku hiyo na zilizofuata, na nilikuwa naimba Kizigua changu kwa sauti yangu ile ile.

Asubuhi moja basi likapunguza mwendo barabarani, utingo akaning'inia mlangoni akapaza sauti, "Mwajumaa! Korogwe wanakutaka!"

Mama akainua uso. "Muulize, kuanza au kuulizwa?"

"Mama anasema, kuanza au kuulizwa?"

"Kuanza! Wamesema kuanza!"

Mama akarudisha macho chini. "Basi mwambie unamaliza kupanda kwanza." Kisha nikamwona anafuta uso na kanga, akacheka, nami nikacheka, tukaketi matopeni tukicheka mpaka wadogo zangu wakatushangaa.

Nilipofika nikaanza kazi, Bi Tabitha akanieleza yaliyotokea. Nilipotoka chumbani mle, mmoja aliyekaa mwisho wa meza, ambaye siku zote alikuwa hasemi, akasema, "Mimi nasema aanze. Akiharibu, niulizwe mimi." Basi. Wote wakawa kama watu waliofunguliwa pingu. Kila mmoja akasema hata yeye alikuwa na maoni hayo tangu mwanzo. Na Bwana Mwenyekiti, alisema Bi Tabitha, aliwaagizia chai. Kumbe nao walikuwa wamechoka, maskini. Bi Tabitha akafunga mizigo akaenda Magoma kwa mumewe, na kila msimu wa mavuno aliniletea mchele mpya, akashinda kwangu tukisimuliana ya swichibodi.

Sasa sikiliza neno lenyewe. Sikwambii uwakimbie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kazi nzuri inastahili kuulizwa maswali. Mtu akikujaribu, jaribika, tena kwa moyo wako wote. Ila kujaribiwa kuna kipimo. Wakishakuona na kukusikia na kuifanya kazi yako ipite mikononi mwao, kinachobaki mara nyingi ni woga wao, na woga wa mtu mwingine huwezi kuutibu kwa kujibu vizuri zaidi. Waulize kwa adabu, kimebaki nini mnachotaka kujua? Wakikujibu, vema. Wakizungukazunguka, waage kwa heshima, uache mlango wazi, uende ukapande chako. Ngoja ngoja huumiza matumbo.

Wala usidhani nakuahidi kwamba watakufuata. Mimi walinifuata, wengine hawakufuatwa, wakaishi na wakafanikiwa kwingine. Nafuu yangu niliipata kabla ya utingo kuniita, pale nilipovua viatu. Hiyo ndiyo ninayokuombea. Na siku utakapokaa wewe upande wa pili wa meza, kijana akija mbele yako, kumbuka yule bwana wa mwisho wa meza. Ukimwona anafaa, sema ndiyo, na ukubali kuulizwa wewe.

Mwenyezi Mungu akupe riziki isiyokudhalilisha, mwanangu. Akukutanishe na watu wenye ujasiri wa kukukubali, na akupe moyo wa kuwaacha wasio nao bila kinyongo. Mkono wako uende kinywani salama, usingizi wako uwe wako. Amina. Haya, lala sasa.