Nilimpiga mwanangu kofi mbele ya samaki wa kwenye vioo

Wakuu, hamjambo. Wajukuu, marahaba kabla hamjaniamkia.

Mie bibi wa Temeke. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, kwa hiyo mkiona herufi zimekosana msinicheke. Haya niliyaona kwa macho yangu. Chumvi nilitiaga kwenye samaki tu.

Enzi za Ujamaa nilikuwa nakaanga samaki barazani. Mume wangu, baba Zainabu, alikuwa mchongaji wa mpingo, Mmakonde wa Newala. Alikuwa na chale mashavuni, alichanjwa utotoni kama wenzake wa kwao. Mtaani walimtania, yeye anacheka tu.

Ushirika wa wachongaji ukamwambia achonge samaki, ndio wageni wanataka.

Sasa Newala ni juu, kukavu, hata maji ya kunywa walikuwa wanafuata bondeni. Samaki aliyemjua ni wa kwenye karai langu. Basi jioni anachukua mmoja kabla sijamkaanga, anamweka mbele yake, anamchonga.

Ushirika ukawarudisha. Akachonga wengine, wakarudishwa tena. Mkaguzi anacheka tu, "Ndugu, huyu samaki wako ana nini?" Haelezi.

(Watu wa hivyo bado wapo. Maofisini wamejaa.)

Wakamwambia: wakirudi mara ya tatu, nafasi yako kwenye banda la ushirika anapewa mwingine. Maana yake tufunge vyombo turudi Newala, na Zainabu ndio kwanza yuko darasa la pili.

Jumapili moja akasema twende jumba la samaki. Lilikuwa huko mbele ya Mbezi, samaki hai ndani ya matangi ya vioo. Nyie wa Mbezi Beach msinibishie, wakati huo kwenu minazi mitupu.

Tukaenda. Mie, yeye, Zainabu, na mdogo wake mgongoni.

Ndani watu wengi. Mie nikaona samaki changu, nikaona tasi, nawaza yupi atataka ndimu zaidi. Ndiyo kazi iliyowalea wanangu.

Zainabu akabandika pua kwenye kioo. Akasema kwa sauti, kila mtu akasikia:

"Baba, hawa mbona hawana mikato? Wa kwako wote wana mikato ya kisu cha mama!"

Wakuu, kumbe!

Samaki wa kukaanga unamchanja ubavuni, mara tatu, ili viungo viingie. Na yeye mikato ile alikuwa anaichonga! Kila samaki, mitatu kulia, mitatu kushoto, tena kwa ufundi.

Watu wakacheka. Mmoja nyuma akasema, "Mmakonde kawachanja chale mpaka samaki!" Wakacheka zaidi.

Mkono ukanitoka. Kofi la shavu.

"Unamwaibisha baba yako mbele za watu?"

Mtoto hakulia.

Baba Zainabu akanishika mkono. "Mwache, mama Zainabu. Mtoto kaona, mie sikuona."

Kisha akasema polepole, kama anajisemea mwenyewe: "Nilidhani nao wana chale zao."

Akachuchumaa mbele ya kioo. Hakuinuka. Samaki akipita, kidole chake kinafuata pezi juu ya kioo, kinarudi, kinafuata mwingine. Mpaka mlinzi akaja, "Ndugu, tunafunga."

Samaki wa mara ya tatu mapezi yalikuwa yamekunjuka, mdomo umefumba, ubavu laini. Mkaguzi akamgeuza huku, akamgeuza huku, hakucheka. Wakawapokea wote. Tukabaki Temeke, na Zainabu akasoma mpaka akawa mwalimu.

Samaki mmoja baba yake alimpa yeye. Huyo alimchonga mikato mitatu ubavu mmoja, makusudi. Akasema, "Huyu ni wa kwetu."

Lile kofi sikulizungumza tena. Enzi zetu mzazi hamwombi mtoto radhi. Miaka yote nikajiambia nilimtetea mume wangu.

Uongo. Kisu kilikuwa changu. Mikato ile nilikuwa naiona kila jioni kwenye mpingo wake, nikidhani urembo, sikuuliza. Mtoto aliona kwa siku moja nilichopitwa nacho mie mwezi mzima. Ndicho kilichoniuma.

Mume wangu ameshatangulia. Mwezi uliopita nilikuwa Boko kwa Zainabu, naye sasa ni bibi. Samaki yule yuko juu ya kabati lake. Nikamtazama, nikasema, "Zainabu, lile kofi la kwenye vioo nilikosea."

Akanimiminia chai kwanza. Halafu akasema, "Nilikuwa nangoja, mama."

Basi. Nikainywa ile chai.

Nyie wazazi wa siku hizi, mtoto akisema alichokiona, kageukeni mtazame kwanza. Mkono tulizeni.

Mwenye kofi lake la zamani ambalo hajaliombea radhi, aandike hapa chini, nitasoma yote. Matusi sijibu.