Kifaranga Hakiwaki Watoto Wasipohesabiwa

Nilikuwa nimeshika mwiko wa wali siku uvumilivu wangu ulipokatika. Upepo wa shamali ulikuwa umetupiga siku mbili mfululizo, na hapa Al Wakrah, huku Uarabuni tunapokaa, upepo ule ukichoka unaacha mchanga kila mahali: kwenye ngazi, kwenye viatu, mpaka ndani ya kabati la vyombo ambamo sijui uliingiaje. Jumamosi ile alasiri trekta dogo la kampaundi lilikuwa linausukuma mchanga kutoka kwenye hoshi, ule uwanja wa katikati uliozungukwa na nyumba zetu. Nikachungulia dirisha la jikoni. Trekta linarudi nyuma. Nyuma yake, hatua kama sita, amechuchumaa binti yangu Hawa wa miaka minne, anajaza mchanga kwenye kopo la mtindi kwa umakini utadhani anampimia mteja sukari.

Mlango nilipitaje sikumbuki. Nakumbuka nimefika hoshini na ndala moja, nabamiza boneti ya trekta kwa mwiko, punje za wali zinaruka kama mvua.

"Zima! Zima hilo dude sasa hivi!"

Dereva akazima. Ni Mkenya mmoja wa miaka ishirini na tano hivi, tunamwita Brayo. Akachomoa spika za masikioni. Spika za masikioni, jamani! Mtu anaendesha trekta katikati ya watoto huku anasikiliza muziki!

"Aki siste, pole. Nilicheki kioo, sikumwona."

"Kioo kinamwona mtoto aliyechuchumaa? Zuzu we!"

"Lakini si huwa wanatoka wenyewe wakisikia injini?"

Hapo nikafungua mdomo nimtukane vizuri, kwa mpangilio. Lakini kilichotoka hakikuwa tusi. Ilikuwa sauti ya baba yangu mzazi, nzito, ya kutokea tumboni:

"Hesabuuu! Wote ukutani! Hesabu!"

Watoto wote wa hoshi wakaduwaa. Nikawapanga kwenye kile kiukuta kifupi karibu na bomba la maji, kuanzia mkubwa mpaka mdogo, wa Kitanzania, wa Kiganda, na yule wa Kisudani anayejua Kiswahili cha kuombea biskuti tu. Wakahesabu. Moja, mbili, tatu, mpaka Hawa, wa mwisho, akasema "nane" na kopo lake la mtindi mapajani. Kisha mdomo wangu, bila kuniuliza, ukapiga kelele: "Tisa!"

Watoto wakacheka mpaka mmoja akaanguka ukutani. Nami nikacheka, machozi yananitoka, maana tisa ndiyo namba yangu.

Nyie mliokulia kwenye kambi za mashamba ya chai mtanielewa. Sisi wa Mufindi enzi hizo hatukuwa na toy hata moja, ila tulikuwa na trekta. Baba yangu aliendesha lile dogo kuliko yote shambani, jekundu lililopauka, kiti chake kimeshonwa kwa gunia. Matrekta makubwa yalibeba kuni na majani ya chai kwenda kiwandani, yakapita yananguruma kwa majivuno. La baba lilifanya kazi zote zilizobaki. Lilifyeka nyasi kwa meneja, lilizoa takataka, lilichota maji bomba likikatika, lilikwangua tope barabarani, lilivuta magari ya wakubwa yakikwama, na siku moja lilimpeleka bibi harusi kanisani, shela yake imefungwa kwa kamba ya katani isinaswe na gurudumu. Sisi watoto tuliliita Kifaranga, kwa sababu lilikuwa linafuatana na yale makubwa huku likilia kwa sauti nyembamba.

Na utamu wa Kifaranga! Baba alikuwa akifunga viazi mviringo kwenye majani ya mgomba, anavichomeka karibu na bomba la moshi pale injini inapochemka, anaenda kufyeka nyasi. Akimaliza uwanja wa meneja, viazi vimeiva. Vilikuwa na harufu ya dizeli, na mpaka leo nasema viazi bila dizeli ni chakula cha wagonjwa. Asubuhi za shule Kifaranga ndicho kilicholeta pipa la uji kwenye tela. Tukikisikia kwenye kona, darasa zima linakufa masikio, mwalimu anafundisha ubao peke yake. Mama alikuwa na sentensi yake moja kila jioni: "Mkirudi tena na dizeli kwenye sketi, mtalala nazo kwenye tela." Tulirudi nayo kila siku na hatukulala kwenye tela hata mara moja, ingawa tuliomba sana.

Lakini baba alikuwa na sharti, na sharti hilo hakuna meneja wala mfalme aliyelivunja. Kifaranga hakiwaki mpaka watoto wahesabiwe. Alikuwa anazunguka trekta mara moja, anainama anachungulia chini ya tela, kisha anaita, "Hesabuuu!" Hapo hata kama umo mtini, hata kama uko chooni, unakimbilia ukuta wa tangi la maji. Tulikuwa kumi na wanne, kila mmoja na namba yake, na namba hiyo ulikufa nayo. Unapaza sauti hadi kumi na nne, ndipo baba anapanda, anaweka ufunguo. Mpaka leo tukikutana msibani tunaitana kwa namba. Sita sasa ni askari magereza mwenye kitambi na sauti ya kutisha, lakini mimi nikimwona napiga kelele, "Sita, umejikojolea?" na anageuka.

Sasa ngoja niwaambie habari ya Sita na mvua ya mawe.

Kwetu Mufindi mvua ya mawe ikiamua, inaamua. Siku hiyo ilishuka nusu saa tu, mabati yakipiga kelele hata mama anakusemesha unaona midomo tu inacheza. Ilipokatika tukatoka nje na dunia ilikuwa nyeupe. Nyeupe pe! Barabara nyeupe, chai nyeupe, paa nyeupe, kuku wa jirani amesimama mguu mmoja hajui aukanyage wapi mwingine. Tulipiga mayowe ya furaha, tukajaza barafu vikombe, tukanyunyizia sukari tuliyoiba, tukala mpaka meno yakafa ganzi na hatukuweza kutamka majina yetu. Wakubwa wetu walikuwa wanalia, maana majani ya chai yalikuwa yamechanika vipande, na sisi tunacheza. Sikujua. Nawaomba radhi kwa niaba ya wote kumi na wanne.

Barafu ilirundikana kwenye lango la kiwanda mpaka lori la majani likashindwa kuingia. Baba akakifunga Kifaranga lile bapa la chuma la kusukumia tope, akaja. Meneja mwenyewe amesimama hapo na buti zake, anatazama saa. Baba akazunguka trekta, akaita, "Hesabuuu!" Tukapanda ukutani tunatetemeka. Moja, mbili, tatu, nne, tano... kimya. Sita hayupo.

"Washa," meneja akasema.

"Sita hayupo, mzee," baba akasema.

"Nimesema washa! Majani yanaharibika!"

Baba akachomoa ufunguo, akautia mfukoni, akaanza kumtafuta mtoto wa watu. Meneja akafoka, akawa mwekundu, akapiga teke barafu, akateleza kidogo, nasi tukabana vicheko mpaka mbavu zikauma. Tulimtafuta Sita jikoni, zizini, chooni. Alikuja kupatikana kwenye rundo lilelile la langoni. Alikuwa amejichimbia pango upande wa nyuma, amekaa ndani yake na kofia iliyojaa barafu, anakula, midomo ya bluu. Alitusikia tukimwita. Alinyamaza kwa sababu hakutaka kugawana.

Baba hakumpiga. Alimbeba, akampandisha ukutani mahali pake, kati ya tano na saba, akasema, "Haya, semeni." Sita akasema "thita," maana ulimi ulikuwa haufanyi kazi tena. Tukamalizia mpaka kumi na nne. Ndipo Kifaranga kikawaka, bapa likaingia kwenye lile rundo, na pango la Sita likasambaratika mbele ya macho yetu sote. Hakuna aliyecheka hapo. Halafu baba akarundika barafu yote pembeni ikawa mlima, nasi tukauteremka juu ya mifuko mitupu ya mbolea mpaka giza likaingia, hapo tukacheka kwa deni lote.

Baba alipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha kazi. Aliibandika ukutani, karibu na kalenda, na mgeni akija alikuwa anamwonyesha kama watu wanavyoonyesha picha ya harusi.

Basi ndiyo hayo yaliyonitoka mdomoni pale hoshini. Nikampa Brayo habari hiyo yote nikiwa bado nimeshika mwiko. Akasikiliza, kofia mkononi.

"Kwa hivyo wewe ni Namba Tisa," akasema.

"Kwako wewe ni Mama Hawa."

"Sawa, Mama Hawa Tisa."

Ningemsamehe hapohapo na yangeisha, kama mudiri asingeingilia. Mudiri ndiye msimamizi wa kampaundi, bwana mmoja anayeishi mbali na anatuona kwa kamera. Jioni hiyohiyo karatasi ikabandikwa getini: kuanzia sasa watoto ni marufuku kuwa hoshini, muda wote, kwa usalama wao. Nikampigia. Akaniambia, "Sister, watoto wakae ndani tu, khalas," yaani basi, imeisha. Ndani mpaka lini? Mpaka waolewe? Hapa miezi ya joto tunafungiwa na jua lenyewe, watoto wanakaa chini ya kiyoyozi kama maziwa. Ikifika miezi hii ya ubaridi, hoshi ndiyo dunia yao yote. Kwenda kule ufukweni The Pearl kutembeza watoto kando ya maboti ni safari ya kupanga wiki nzima. Na kwenye hoshi hiyo anaondolewa mtoto ili trekta lipite kwa raha? Nililia, kisha nikaosha uso, kisha nikatafuta kalamu.

Malalamiko yanaandikwa kwenye fomu ya Kiingereza, na Kiingereza changu cha kidato cha nne nikikasirika kinanikimbia. Mwenye Kiingereza kizuri kampaundi nzima ni Brayo. Basi mshtakiwa akaja kukaa sebuleni kwangu, akapewa chai ya karaki, ile ya maziwa na iliki, akaanza kuyatafsiri mashtaka yake mwenyewe.

"Hapa umeniita zuzu. Nayo niiandike?"

"Iandike."

"Ai, Mama Hawa! Zuzu kwa Kizungu ni nini sasa?"

Mume wangu, ambaye amekesha getini kwa watu kwenye kazi yake ya ulinzi, akasema kutoka chumbani bila kufungua macho, "Mama Hawa, futa zuzu, barua ipate heshima." Tukaifuta. Mimi bado nasema ilikuwa mahali pake.

Jumatatu trekta lilikuja kumalizia mchanga wa pembeni. Nilikuwa nimeshawapeleka watoto hoshini wote wanane, karatasi ya getini ikiwaangalia. Brayo hana spika masikioni. Akazunguka trekta mara moja, akainama, akachungulia chini, akaita kwa lafudhi yake, "Hesabuni!" Wakahesabu. Akausukuma mchanga ukawa mlima kwenye kona, rangi ileile ya chai ya karaki, akazima injini, akawapa ishara. Niliwaletea mifuko mitupu ya mchele. Watoto hawa wa siku hizi, ambao trekta wamelijua kwenye simu, ambao mwanzoni waliniuliza huo mlima unachajiwa wapi, waliteleza mpaka magharibi. Hawa alikuja na mchanga mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia, "Ukirudi tena hivyo utalala nao kwenye trekta." Akaruka kwa furaha, "Kweli, mama?"

Kifaranga kiliuzwa chuma chakavu zamani, na baba siku hizi anakaa kwenye kiti cha plastiki, husikia upande mmoja tu. Nilimpigia simu nikamweleza. Aliuliza swali moja: "Walikuwa wangapi?" Enzi zile mtu mzima mmoja mwenye ufunguo mfukoni alitosha kulinda watoto wa kambi nzima. Leo tuna kamera nane, na hakuna hata moja inayojua kuhesabu.

Malalamiko nimeyapeleka mwenyewe ofisini, nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Nayaweka hapa kama yalivyo kwa Kiswahili:

*Kwa Msimamizi wa Kampaundi.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU TREKTA NA KUZUIWA KWA WATOTO*

*Mimi ni mpangaji wa nyumba ya chini, karibu na bomba la maji. Jumamosi alasiri trekta lilirudi nyuma likiwa na mtoto wangu nyuma yake. Dereva alikuwa na spika masikioni. Amekiri, ameomba radhi, na ndiye aliyetafsiri barua hii. Siombi afukuzwe. Akifukuzwa nitaandika nyingine.*

*Nalalamikia karatasi iliyobandikwa getini. Naomba iondolewe, na badala yake iandikwe hivi: injini isiwashwe mpaka watoto wote wakae ukutani na wahesabiwe kwa sauti. Akikosekana mmoja, ufunguo uchomolewe, hata kama ni msimamizi anayesubiri.*

*Naambatanisha orodha ya majina ya watoto kwa namba, kuanzia moja hadi nane.*

*Namba tisa ni mimi. Nisipoitika, nitafuteni.*