Matandazo Mbele ya Ukumbi

Kwetu Kisondela uwanja hufagiliwa kabla chai haijachemka. Mwenye majani mlangoni ni mvivu, kwisha. Kwa hiyo sikushangaa mkuu wa chuo alipotukuta sisi wanafunzi tukitandaza majani makavu ya migomba kuzunguka jengo la mihadhara la chuo chetu, mjini Tukuyu.

"Hili pori liondoke," alisema. "Nataka nyasi za mapambo."

Sikushangaa, ila nilikasirika. Bustani ile tuliilima wenyewe kila Jumamosi. Tulichimba makinga maji kukata mteremko, tukapanda magimbi, maharage na miparachichi, kisha tukaufunika udongo ili usichukuliwe na mvua. Kila masika maji ya mlimani yaliingia ukumbi wa chini, nasi tukafanya mitihani miguu ikiwa juu ya viti. Nyasi za mapambo zingeyazuia?

"Mkuu, tuachie masika haya tu," nikasema. "Maji yakiingia ukumbini hata kikombe kimoja, tunang'oa wenyewe."

Akakubali. Wenzangu wakanikata jicho. Mdomo uliponza kichwa.

Mvua ya Tukuyu haipigi hodi. Ilitukuta katikati ya mtihani, ikapiga bati hadi sauti ya msimamizi ikamezwa. Niliacha kuandika nikageukia dirisha. Maji yalishuka na rangi ya chai ya maziwa, yakajaza kinga la kwanza, yakamwagikia la pili. Nilijua limebaki moja tu, lile la ukutani, na moyo ulinienda mbio kuliko kwa swali lolote la karatasi ile. Likajaa nusu. Likatulia. Maji yakaanza kunywewa taratibu na udongo chini ya majani.

Mkuu wa chuo aliingia na gambuti zake, tayari kwa mafuriko. Akasimama mlangoni, akainama, akapapasa sakafu kwa kiganja. Kavu. Akapapasa tena chini ya dawati langu, kana kwamba nimeyaficha maji huko.

"Ndaga fijo," akatushukuru kwa lugha ya nyumbani. Kisha akanitazama mimi. "Na kule maabara, nako kunakofurika, mtaanza kuchimba lini?"

Ningeweza kujibu kwa adabu. Nilipiga vigelegele, mtihani ukiendelea, ukumbi mzima ukanipokea, na msimamizi hakumnyang'anya mtu karatasi.