Kliniki Moja, Kuvuka Mara Sita

Jirani yangu mshonaji ndiye aliyenipa habari, uzi ungali mdomoni.

"Shoga, yule karani aliyepanga chumba cha nyuma ana mume wa mtu ng'ambo ya korongo. Kila alfajiri anatoka na bakuli limefunikwa."

"Labda ni chakula chake mwenyewe."

"Chakula chako mwenyewe hukibebi kama yai."

Nilikuwa nimemwona mara nyingi, maana mwenye mapacha halali, husinzia tu. Nikiwa dirishani, mmoja kifuani, mwingine begani, karani alipita kwenye ukungu polepole, kana kwamba ardhi ni maji na hataki kuyatibua. Kisha ukungu ukammeza, nami nikabaki sijui kama nimemwona au nimemwota.

Kazi yake ilikuwa kuuliza watu jana walikwenda wapi na kwa njia gani, ili wapanga barabara wajue pa kujenga. Watoto wa mtaani walimwita Bi Ulikwenda Wapi, naye akiitwa aliitika. Alivaa raba zilizolika upande mmoja, kalamu ikining'inia shingoni kwa uzi.

Siku aliponifikia alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Mama Pacha, jana ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote, dada. Na hawa wawili niende wapi?"

Akaitazama miguu yangu. Ilikuwa na tope jekundu mpaka vifundoni.

"Na hilo tope limekufuata humu ndani lenyewe?"

Nikacheka. "Hiyo ni kliniki tu. Nilikwenda kwa miguu."

Hakucheka. "Mtaa mzima mmeniambia hivyo hivyo. Wanaume wamepanda gari, wanawake hawakwenda popote. Wakubwa wakisoma hizi karatasi watasema huku watu hawatoki, na daraja watawapelekea wanaotoka. Ijumaa nazirudisha."

Daraja la korongo tumelitamani tangu nilipoolewa. Basi nikamweleza kliniki yangu. Pale kingoni panateleza, lazima mkono mmoja ushike mizizi, kwa hiyo watoto wawili hawavukiki pamoja. Mmoja namwacha kwa mshonaji, navuka na mwenzake, namkabidhi muuza mkaa wa ng'ambo. Narudi, namchukua wa pili, navuka tena. Wakati wa kurudi ni vivyo hivyo.

"Kliniki moja, kuvuka mara sita," akasema taratibu. Karatasi yake ilikuwa na nafasi ya kwenda na kurudi tu. Akaandika pembeni, maandishi yakapinda kona ya karatasi yakashuka upande wa pili.

Mchana ule watoto walilala, nami usingizi ukaniiba palepale mkekani. Nikaona nyayo zetu zote, za maji, za sokoni, za shule, zimekuwa nyuzi nyeupe juu ya mtaa, nyingi, zimepishana kama kitambaa kisichokwisha kufumwa. Nilipoamka bado nilikuwa nimeshika ncha ya kanga yangu.

Kesho yake, Alhamisi, nikatangulia mbele yake, tukarudia mtaa mlango kwa mlango. Mtoto mmoja mgongoni kwangu, mwingine mgongoni kwake. Nilisimulia ya kwangu kwanza, kisha yeye akauliza.

"Mimi nakaa na cherehani kutwa," mshonaji akasema.

"Na maji yanakuja yenyewe?" nikamuuliza.

Akaweka mkasi chini. "Maji mara tatu. Halafu vifungo, nikasahau rangi, nikarudi. Halafu kumchukua mjukuu shule." Shingo ikaanza kunyooka. "Andika vizuri, dada, usinipunje. Kumbe mimi ni msafiri." Kisha jicho likamcheza. "Na wewe je? Lile bakuli huwa linakwenda wapi?"

Kalamu ikasimama.

"Kwa mama. Yuko kwa kaka yangu, ng'ambo. Mwaka wa pili huu haamki kitandani. Uji wa mtu mwingine anaufumbia mdomo. Mvua ikijaza korongo, siku hiyo hali."

Mshonaji akavuta uzi, uzi ukakatika. Hakuutafuta. Akainuka, akamkaza karani ile mbeleko iliyokuwa imelegea.

Jioni jua likiwa limelala juu ya mabati, tulikaa kizingitini kwangu tukizipanga karatasi. Milango yote ilikuwa imeandikwa. Karatasi iliyobaki tupu ilikuwa moja, ya chumba cha nyuma.

"Chako," nikasema.

"Changu. Karani haruhusiwi kujiandikia. Lazima mtu mwingine aulize, aandike, aweke sahihi. Na mtaa wenye pengo wanauweka kando."

"Si umtafute karani mwenzako?"

"Wa karibu yuko mbali, na kesho ndiyo Ijumaa."

"Dada, mimi niliishia darasa la saba."

"Kuandika wanafundisha la kwanza."

Akaivua kalamu shingoni, akaiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa na joto lake. Mtoto mgongoni mwake alikuwa amelala, shavu limebonyea begani kwake.

"Niulize, Mama Pacha. Usiruke hata swali moja. Na ukifika pale pa sababu ya safari, nakuomba usiandike kazi. Andika uji wa mama."