Breki za Bawa

Harufu ya mkonge uliokamuliwa, ile chachu inayokwama kooni, bado hunirudisha kwenye kile kiwanja cha Kilifi, likizo ya Agosti nilipokuwa na miaka kumi. Mjomba Karisa alitunza pale ndege isiyo na injini, nyeupe, nyembamba kama mfupa wa samaki, mali ya mhandisi mstaafu aliyemfundisha kuirusha. Pikapu iliivuta kwa kamba mpaka ikapaa, kamba ikaachiwa, kisha ni upepo tu. Kilichonitisha ni ukimya wake. Ilipita juu ya kichwa kama kitu kisichokuwepo, ukabaki mluzi mwembamba na kivuli.

Mimi, mtoto wa kujificha nyuma ya leso ya mama wageni wakija, nilipewa kazi ya kusoma orodha kabla ya kuruka. Nasoma, Mjomba anagusa, ndipo anajibu. "Mikanda." "Nimeshika." "Kifuniko." "Nimeshika." Mkono hutangulia mdomo, na ukikatizwa, hata na chafya, unaanza upya kutoka juu. "Orodha ni kama udhu, Dama," alizoea kusema. "Ikitenguka, hurudii nusu."

Siku moja nilikuwa nimefika kwenye usukani alipotokea Bwana Salim, mwenye ardhi ile. Kwetu pwani mkubwa hapitwi bila salamu. Nikashusha karatasi. "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu. Mama hajambo? Na bibi, miguu yake?" Salamu zikafika hadi kwa mbuzi. "Na huyu ndiye msomaji wenu? Mbona sauti kama ya panya?" Wakacheka wote. Nikaona aibu kuanza upya mbele yake. Nikashika mstari wa kwanza ulioniingia machoni: "Upepo." Mjomba, naye bado anacheka, akajibu. Mistari miwili ikabaki nyuma: redio, na breki za bawa, vile vibao vinavyochomoza juu ya mabawa ili ndege ishuke, ambavyo hufungwa kabla ya kupaa.

Ndege ilipovuka ukingo wa kiwanja, mluzi haukuja. Ulikuja mngurumo mzito, kama mtu anayekoroma ndani ya mtungi. Vibao vilikuwa vimesimama juu ya mabawa kama masikio. Kamba ikaanguka, na ndege ikaanza kushuka kuelekea kwenye miba ya mkonge. Redio ya mkononi nilikuwa nayo mimi. Nilitakiwa kubonyeza na kusema maneno matatu tu: breki za bawa. Mficha uchi hazai, wamesema wahenga. Mimi nilificha hata sauti. "Sema, mwanangu!" Bwana Salim alipiga kelele. Kidole kilikataa.

Mara mngurumo ukakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Vibao vikalala. Ndege ikajiinua kidogo, ikageuka, ikatua mwisho wa kiwanja, bawa moja likiburura nyasi.

Mjomba alitoka, akaniinamia. "Ahsante, mama. Ulivyonisomea vile redioni, polepole, kutoka mstari wa kwanza... mkono ulikwenda wenyewe." Nikaitazama redio yangu. Ilikuwa imezimwa. Nikachungulia ndani ya ndege. Na yake vilevile. Bwana Salim aliangalia ninapoangalia, akasema tu, "Subhanallah," na hakukanyaga tena kiwanjani.

Sasa niko kidato cha tatu. Ndege iliuzwa, kiwanja kimepandwa mkonge. Kila harusi Mjomba husimulia jinsi mpwa wake alivyomwokoa, nami nainamisha macho, watu wakidhani ni haya zangu zilezile. Hapa ndipo ninapokiri kwa mara ya kwanza: sikuwa mimi. Siku hizi mkubwa akinikuta katikati ya jambo, namwomba radhi kwa mkono, namaliza, ndipo namwamkia. Shangazi zangu wanasema shule imeniharibu. Na kila asubuhi nikifunga sanduku langu bwenini husoma ile orodha, kwa sauti inayosikika, toka juu. Nikifika kwenye breki za bawa hunyamaza kidogo. Mstari ule una msomaji wake.