Juno Hana Neno

Watu wa Msitu wa Tillow hawana majina. Wenye majina ni mbwa wao. Kwetu Pangani mtu akizaa huitwa Mama Fulani au Baba Fulani, na huku mtu akipata mbwa mambo huwa yaleyale, ila hawakuiti hivyo usoni. Wanakujua kimoyomoyo: mwenye Biscuit, mwenye Juno, yule wa mbwa wawili wembamba. Mimi sina mbwa, kwa hiyo miaka yote hii niliyoolewa katika kijiji hiki cha Nethercombe, Uingereza, msituni mimi si mtu. Wananiamkia, wanasema neno juu ya mvua, wanapita.

Mwenye Juno ni jirani yangu, Bi Winifred Tapsell. Ukuta wake na wangu ni mmoja, akikohoa nasikia. Alizaliwa hapahapa, katika nyumba ambayo sasa ni ya watu wa London wanaokuja Jumamosi na kuondoka Jumapili. Baba yake alikuwa mkata fito msituni, na fito zake ndizo zilizoshikilia nyasi za mapaa ya nusu ya kijiji. Yeye mwenyewe alipika katika shule ya msingi mpaka akastaafu, na wapo wanaume wenye mvi ambao wakimwona dukani hunyoosha mgongo, maana aliwahi kuwasimamia mpaka wamalize kabichi.

Mume wake, Dennis, alianguka bustanini akafa palepale. Siku ya msiba Winifred alipokea watu mlangoni, akawashukuru, akawapa chai, na walipoondoka alivaa mabuti akaenda kumalizia kuchimba viazi alivyoviacha marehemu. Nilisema moyoni, mwanamke huyu hana huzuni. Nilikuwa mgeni bado, sikujua kusoma watu wa huku.

Baada ya Dennis ndipo alipomchukua Juno, kijibwa cha kike chenye miguu mifupi na roho mbaya. Kila asubuhi wakishakula waliingia msituni. Kwenye mwaloni ulioanguka walimkuta mwanamume mrefu mwenye kofia ya kahawia, na mbwa wake mweusi aitwaye Moss. Huyo bwana hakukosa fimbo mkononi, akiimenya ganda kwa kisu kidogo huku anatembea. Walikwenda pamoja mpaka mwisho wa kile kipande cha msitu ambamo vijana wa kujitolea hukata fito ili mashina yachipue upya, wakafika kwenye ngazi ya mbao ya kuvukia uzio, wakaachana. Yeye akashuka upande wa bondeni, Winifred akarudi nyumbani.

Walizungumza nini? Tope. Maua ya buluu, kama mwaka huu yamewahi au yamechelewa. Miti iliyoingiwa na ugonjwa. Mbwa. Waliendelea hivyo miaka na miaka, na siku moja nikamuuliza Winifred yule bwana anaitwa nani. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza rangi ya chupi ya mtu.

"Hatujafika huko," alisema.

Basi mwaka juzi, kabla ya Krismasi, yule bwana akaacha kuja. Nilimwona Winifred akitoka mapema zaidi na kurudi amechelewa, na Juno nyuma yake amelowa na amenuna. Ikapita Krismasi, ukaingia mwaka mpya. Mwishoni mwa Januari nilimpelekea supu, nikamkuta jikoni anaosha kikombe ambacho kilikuwa safi, na akanieleza habari yote akiwa amenipa mgongo.

Siku ya mwisho waliyoonana, yule bwana alikuwa amekonda, kofia imeshuka mpaka masikioni. Walipofika kwenye ngazi hakuvuka. Alisimama akimenya fimbo yake, kisha akasema hajui Juno angeonaje kama angepata mwenzake wa kukaa naye nyumbani. Winifred alielewa. Ananiambia alielewa hata kabla hajamaliza. Lakini alimwonea haya mtu mzima yule kujikuta anaomba jambo kubwa namna ile katikati ya njia, akataka kumsitiri upesi, kama mtu anavyomfunika mwenzake nguo iliyofunguka. Akacheka. Akasema Juno hagawani na mtu hata kikapu chake cha kulalia. Kisha akasema tope mwaka huu limezidi.

Yule bwana akakubali, tope limezidi. Akagusa kofia, akavuka, akashuka.

"Hakuwa anauliza habari za Juno," Winifred aliniambia.

"Najua, Bi Winifred."

"Alikuwa anauliza kama nitamchukua Moss akishaondoka yeye. Na mimi nikamjibu tope."

Nikamwambia twende tukamtafute. Anakaa wapi? Hajui. Jina lake? Hajui. Hapo nilikasirika, sifichi. Miaka yote hiyo! Kwetu ningekuwa najua ukoo wa mkewe na jino linalomuuma. Nikamwambia kwamba kuuliza si ujinga.

"Si ujinga, mwanangu," alisema. "Ni kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi."

Lakini kikombe kile safi alikiosha tena. Kilichomnyima usingizi hakikuwa kifo, kifo anakijua. Ni kwamba huenda yule mtu alikuwa amelala mahali saa ile ile, mbwa wake hana pa kwenda, na anaamini kwamba aliomba akakataliwa. Winifred alitaka kumfikia kabla hajafa, amwambie ndiyo. Hakutaka kingine.

Kesho yake tukaingia msituni wote wawili, Juno ametangulia. Tulimsimamisha kila tuliyemwona, na Winifred, kwa sauti ya mtu anayeomba choo katika nyumba ya kigeni, aliuliza kama wanamfahamu mwenye Moss. Wote wanamfahamu Moss! Anaogopa miavuli. Aliwahi kupasuliwa sikio. Anapenda jibini kuliko nyama. Na bwana wake je? Hapo wanakuna kichwa. Mrefu. Ana kofia. Mtu mmoja alidhani ni mwalimu, mwingine aliapa ni fundi wa saa. Mwisho tukampata yule mama wa mbwa wawili wembamba, naye akasema huwa anamwona Moss akiingilia lango la chini, upande wa kinu cha zamani.

Njia ya kinuni ina nyumba chache zilizobanana. Winifred alifika kwenye ya kwanza akagoma. Tutasema nini? Watatuonaje? Nikabisha hodi mimi, hakutoka mtu. Nilipogeuka kumwita nikamkuta amesimama mbele ya nyumba ya pili, anatazama kibarazani. Palikuwa na ndoo kuukuu, na ndani ya ndoo fimbo zimesimama, nyeupe, zimemenywa, nyingine bado zina ganda lililoachwa kwa mistari ya kuzunguka kama nakshi. Aligusa moja.

"Hii alikuwa anaimenya siku niliyomwambia Dennis naye alipenda mistari," alisema.

Akagonga mlango mwenyewe. Akagonga tena, kwa nguvu ambayo sikumjua nayo.

Aliyeitika ni jirani, mzee mmoja aliyekuwa juu ya ngazi anazibua mfereji wa paa. Akauliza kama tunamtafuta Bernard. Winifred akasema anamtafuta mwenye Moss. Ndiyo, akasema mzee, Bernard Askew. Alichukuliwa kabla ya Krismasi, yuko mjini katika ile nyumba wanayowapeleka wagonjwa wasiotazamiwa kupona. Hana mke wala mtoto, ana mpwa wake Kanada. Na Moss yuko kituo cha mbwa wasio na wenyewe. Mzee alisema angemchukua yeye, ila mkewe akikaribia mbwa anavimba macho.

"Haulizi dawa, haulizi chakula," alisema. "Anamuuliza Moss tu. Namwambia asijali. Niseme nini?"

Mume wangu alitupeleka mjini siku hiyo hiyo. Mapokezini palikuwa na muuguzi, msichana mdogo tu, akamuuliza Winifred kama ni ndugu wa mgonjwa.

"Hapana," alisema. "Tunakutana msituni." Kisha akaanza kurudi kinyumenyume. "Pengine si wakati mzuri. Tutakuja siku nyingine."

Nikamshika mkono wa koti. Siku nyingine ipi tena? Muuguzi alikuwa amemkazia macho.

"Samahani," alisema. "Wewe ndiye Juno?"

Tukatazamana.

"Maana kila siku anasema lazima amwone Juno, lazima Juno aridhie. Tumemtafuta Juno kwenye simu yake, hatukumwona. Tukadhani mliachana zamani."

Ni vizuri mjue kwamba Winifred ni mtu ambaye padri akikosea kutamka Tapsell humrekebisha kanisani, mbele za watu. Nikajua sasa atamfundisha huyu msichana. Akavua kofia yake ya mvua, akaikung'uta.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi."

Bernard alikuwa amebaki kidogo sana kitandani. Hakuwa na kofia, na Winifred, ambaye hakuwahi kukiona kichwa chake, alikwepa kukitazama akaangalia dirisha. Wakasalimiana. Winifred akamwambia kwamba kile kipande kimekatwa vizuri mwaka huu, vijana wameacha mashina mafupi kama alivyotaka baba yake. Vile viua vyeupe vya baridi vimeshatoka kando ya kijito. Tope ni lile lile. Bernard akaitikia, tope, ndiyo, kwa sauti ya chini kama karatasi inayokunjwa. Mimi nilikuwa mlangoni natafuna ncha ya mtandio. Sema, mama. Umefika, sema.

Winifred akainuka. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja mpaka shingoni. Nikajua ameshindwa, na moyo wangu ukaniuma kwa ajili yao. Ndipo akaweka mkono juu ya chuma cha kitanda, karibu na mkono wa yule bwana, bila kuugusa.

"Nimezungumza na Juno," alisema. "Juno hana neno. Hata kikapu watagawana."

Yule bwana akafumba macho, nikadhani amelala.

"Ana hakika?" aliuliza Bernard.

"Ana hakika. Siku ile alijibu haraka bila kufikiri. Anaomba radhi."

"Mwambie Juno asante."

Chozi likamtoka pembeni ya jicho, likashuka kuelekea sikioni. Winifred akaenda dirishani akaanza kunyoosha pazia lililokuwa limenyooka, akalinyoosha taratibu, mpaka Bernard akapata nafasi ya kujifuta. Mimi nililia waziwazi, nikalia kwa niaba yetu wote.

Alifariki wiki ile ile. Kanisani hatukuwa wengi, lakini watu wa msituni walikuja, mbwa wao wamefungwa nje kwenye uzio wanabwekeana. Padri aliposoma jina kamili, watu walitazamana kama waliokosea maziko. Tulipotoka Winifred alinishika mkono kwa sababu ya barafu njiani, akaenda nami mpaka langoni.

"Bernard," alisema. "Hata halimfai."

Moss anakaa kwake sasa. Kikapu anakilalia yeye, na Juno amehamia kitandani kwa Winifred, jambo ambalo Winifred anakana. Kila asubuhi wanaingia msituni wote watatu. Wakati mwingine naandamana nao, na sasa watu wa huko wanasimama kidogo, na mama wa mbwa wembamba siku moja alisema, uso umemwiva kwa haya, kwamba yeye anaitwa Philippa. Kile kipande kimechipua, fito changa zimefika kiunoni.

Kwenye ngazi ya kuvukia uzio Moss hukaa chini. Hukaa akitazama njia ya kushukia kinuni, masikio yamesimama. Mwanzoni nilimwambia Winifred amvute kamba, tutaloa. Hakumvuta mpaka leo. Husimama hapo hata mvua ikinyesha, mikono mifukoni, mbwa anatazama bondeni na yeye amemgeuzia mgongo anatazama miti, mpaka Moss ainuke mwenyewe. Nilimuuliza mbona hamwangalii hata kidogo, akamfariji.

"Mwache," alisema. "Hapendi kutazamwa."